Kisu Alichochagua Kaka

Kisu kilikuwa kinang'aa, na hapo ndipo Pilipili alipojua kwamba kimeuawa.

Hakuwahi kukiona kinang'aa. Kilikuwa kisu cha kukunja, chenye ulimi mmoja tu wa chuma, ambacho marehemu baba yake alimtia mkononi alipokuwa na miaka kumi na mmoja. Siku zote rangi yake ilikuwa ya kijivu, rangi ya chuma kinachoshika kutu usipokipaka mafuta. Sasa kilikuwa juu ya meza yake, kimefunguliwa, kimesuguliwa mpaka unajiona sura, na ncha yake haipo. Pale palipokuwa na ncha palikuwa na mviringo butu, na kando ya makali, kuanzia hapo mpaka katikati, palikuwa na doa la buluu.

Asiyeijua kazi angeliona doa hilo ni pambo. Pilipili alilipapasa kwa kidole, akalijua. Buluu ile ni alama ya moto. Chuma kimekandamizwa kwenye mashine ya kunolea mpaka kikaungua, na chuma kilichoungua hakishiki makali tena. Utakinoa asubuhi, utakata mbao kidogo, na kabla ya saa nne kimekuwa kama kijiko.

"Nimekunolea," kaka yake alisema kutoka upande wa pili wa karakana, bila kugeuka.

Huyo kaka yake alikuwa seremala wa milango na fremu za madirisha, mtu wa mashine na kelele. Alimzidi Pilipili kwa miaka mitatu. Karakana waliirithi pamoja, na kwa miaka kumi na tisa waligawana hivi: kaka na mashine zake upande wa barabarani, Pilipili na magogo yake upande wa dirisha, hatua nne kati yao. Yeye alichonga miiko, vitana na ndege wadogo wa kuweka mezani, vyote kwa kisu kile kimoja, isipokuwa tumbo la mwiko alilolichimba kwa kisu kingine kilichopinda kama ndoana. Jina la Pilipili alibandikwa utotoni kwa sababu ya hasira zake, na tangu hapo hakuwapa watu sababu ya kulibadilisha.

Kaka alieleza kilichotokea kwa sauti ya mtu aliyesogeza kiti. Alikuwa anafungua kopo la vanishi, kifuniko kimeganda, kisu kilikuwa karibu, akakitumia kubandua. Ncha ikakatika. Akaona asimwachie dada yake kisu kibovu, akakipitisha kwenye mashine kidogo. Tena alisema "kidogo" kama anayesubiri kuambiwa asante.

Pilipili alimtolea uvivu. Alimwambia mambo ya kisu, akahamia mambo ya adabu, akarudi kwenye mambo ya miaka saba iliyopita kuhusu msumeno uliopotea, na wapita njia wawili wakasimama mlangoni kana kwamba wanasubiri bidhaa. Kaka aliwasha mashine ya kupigia randa. Ilipozimika, alisema ni kisu tu, atamnunulia kingine, na mambo yaishe.

Kesho yake alikileta. Kilikuwa chekundu, kinene kama kipande cha sabuni, na ndani yake kulikuwa na kila kitu alichokisahau Mungu kwenye mkono wa binadamu: koleo, mkasi, kizibuo, kijisumeno, kibanio cha kutolea miiba na chuma cha kuparuzia magamba ya samaki. Kisu chenyewe kilikuwa chembamba, kimejibanza katikati. Pilipili hakutaka kuambiwa kwamba ana kiburi, kwa hiyo alikijaribu. Alichukua kipande laini, akaanza shingo ya mwiko. Kizibuo kilimchoma kiganja. Alipobadilisha mshiko, koleo likambana. Na alipokaza ncha kwenye fundo la mti, kisu kilijikunja chenyewe, kwa kuwa hakikuwa na komeo lolote la kukizuia, kikamshukia kwenye kifundo cha kidole. Damu haikuwa nyingi. Ilitosha.

Alikifunga, akakipeleka juu ya mashine ya kaka yake, akakiacha hapo bila neno. Pilipili akinyamaza, watu wa nyumba ile huanza kuulizana nini kimetokea.

Mchana alikuja wifi yake, mke wa kaka, mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usiopumzika. Alikaa juu ya rundo la mabanzi akamsihi. Alisema mumewe halali vizuri, alisema wamebaki wawili tu duniani, alisema watoto wanamwuliza shangazi kanuna nini. Kisha akasema lile ambalo alidhani litamsaidia mumewe.

"Hajui, wifi yangu. Kwake yeye kisu ni kisu. Msamehe tu, hajui."

Pilipili alilishika neno hilo na hakuliachia. Hajui! Miaka kumi na tisa hatua nne kutoka kwake, na hajui dada yake anashika nini mkononi? Mteja aliyekuja mara moja kununua kitana alimwuliza kwa nini kisu chake hakina mpini wa plastiki, akaelezwa, akaelewa. Kaka yake wa tumbo moja hajui. Kumbe siku zote alikuwa anachonga mbele ya ukuta. Hilo lilimuuma kuliko ncha iliyokatika, na akala kiapo hapohapo mbele ya wifi yake.

"Twende dukani, achague yeye. Mimi sitasema neno. Akikosea, nahamisha vitu vyangu na hanioni tena humu ndani."

Wifi alisema mtihani huo hakuna mwanamume anayeweza kuushinda. Pilipili akasema ndiyo maana unaitwa mtihani. Lakini alijua anachokiweka rehani. Hakuwa na pengine pa kwenda. Dirisha lile lilikuwa na mwanga wa asubuhi usioumiza macho, vipande vya mbao vilivyobaki kwa kaka ndivyo vilivyokuwa miiko yake, na wateja waliujua mlango ule kabla hawajamjua yeye. Hasira ilikuwa imeshatangulia, naye akaifuata.

Duka la vifaa lilikuwa mtaa wa tatu. Mwenye duka, miwani juu ya paji la uso, alimsalimu kaka na kumpita Pilipili. Aliposikia wanatafuta kisu, akauliza cha kazi gani. Kaka akasema cha huyu mdogo wangu. Mwenye duka akauliza kama ni cha jikoni. Pilipili alimtazama mpaka akashusha miwani puani, ingawa hakuwa na cha kusoma.

Akatoa trei ya visu vya kukunja, kama ishirini hivi, akaiweka juu ya kioo. Pilipili alikunja mikono kifuani. Kaka alijifuta viganja kwenye suruali na kuanza.

Cha kwanza alichokiondoa kilikuwa kirefu. Alikipima kwa kidole chake cha shahada, akatikisa kichwa. Alimweleza mwenye duka kwamba huyu anafanya kazi ya karibu, kisu kikizidi kidole ncha inayumba. Akaondoa sita kwa sababu hiyo. Akaondoa vyote vyenye mipini ya kuchongwa nafasi za vidole, maana, alisema, mpini wa namna hiyo unakulazimisha mshiko mmoja, na huyu anakigeuza kisu mkononi mara kumi kabla hajamaliza shingo ya mwiko mmoja. Mwenye duka alimsifia kimoja kwamba hakishiki kutu kabisa. Kaka alikirudisha kwenye trei na kuomba vinavyoshika kutu. Mwenye duka akacheka, akadhani ni mzaha. Kaka akamwambia huyu ana jiwe lake na chupa yake ya mafuta, anataka chuma kinachokubali kunoleka.

Pilipili alilegeza mikono kidogo.

Vikabaki vitano. Kaka alivilaza kimoja kimoja juu ya kioo, akainama mpaka shavu likagusa, akatazama mwanga unavyopita chini ya makali. Alikuwa anatafuta kisu kilichoshuka kwa ubapa mmoja mpaka kwenye makali, kisicho na ukingo wa pili wa kukifanya kirukeruke juu ya mti. Viwili vikaondoka. Alikaza komeo la kila kimoja kwa gumba, akajaribu kukilazimisha kijikunje. Kimoja kikakubali, nacho kikaondoka. Kati ya viwili vilivyobaki alipapasa upande wa juu, ule usiokata.

"Huyu anasukuma kwa gumba la kushoto mgongoni mwa kisu," alimwambia mwenye duka. "Mgongo ukiwa mwembamba, unamkata yeye badala ya mti."

Akachagua kile chenye mgongo mpana, ulimi mmoja, mpini wa mti mtupu usio na nakshi. Akakisukuma juu ya kioo mpaka mbele ya dada yake.

Pilipili alikifungua. Alikigeuza kiganjani, akakivuta kuelekea kifuani, akaweka gumba mgongoni. Hakikuwa na kosa. Angeingia mwenyewe peke yake na siku nzima mkononi, angetoka na hichohicho. Furaha ilimjia ghafla, furaha ya kitoto kabisa, akataka kumshika kaka yake begani. Alikuwa anatazamwa! Miaka yote ile, nyuma ya mashine na vumbi, mtu alikuwa anamtazama mikono.

Kaka alikuwa anatabasamu. Na tabasamu hilo ndilo lililomfanya Pilipili afikiri mara ya pili.

"Basi ulijua," alisema.

"Nilijua nini?"

"Mtu anayejua mgongo mwembamba unanikata gumba, hajui ncha haibandui kifuniko cha kopo? Wewe unayeiwasha mashine ile kila siku, hujui inaunguza chuma?"

Tabasamu la kaka lilibaki usoni kwa muda, lakini halikuwa na mwenyewe. Mwenye duka alianza kupanga kufuli ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu," kaka alisema hatimaye.

Pilipili alikifunga kisu, akakirudisha juu ya kioo. 

Kaka alizungumza akiitazama trei. Alisema alipokuwa na miaka kumi na minne alimchongea baba kijiko. Alikichonga kwa siku nne, akificha chini ya kitanda. Baba alikigeuza, akakipapasa, akamrudishia bila kusema kizuri wala kibaya. Kisha akamwita Pilipili na kumpa kisu. Kaka alisema hakuwahi kumchukia dada yake, ila kisu kile alikisikia. Kila siku alikisikia kinavyokwangua. Alinunua mashine ya kwanza, akanunua ya pili, na bado alikisikia.

"Na ile takataka nyekundu?" Pilipili aliuliza.

"Nilitaka uone kwamba sijui."

Hasira ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekanyagwa na kipofu. Hii ilikuwa nyingine. Mtu huyu alikuwa na macho kuliko wote, aliipenda kazi ya dada yake kuliko wateja wote wanaoisifu, na kwa macho hayohayo akatafuta pale panapouma. Pilipili alimwonea huruma na akachukia kumwonea huruma. Angekuwa mjinga tu, angemsamehe wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Alimwuliza mwenye duka kama ana kingine cha aina ile ile. Mwenye duka akainama chini ya meza, akaibuka na boksi dogo. Kilikuwepo. Pilipili akalipia vyote viwili, akatia kimoja mfukoni, na kile kilichochaguliwa akakiweka mbele ya kaka yake.

"Hiki chako. Baba alikunyima, mimi sikunyimi. Nenda kachonge."

Kaka hakukigusa kwanza. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ina maana dada yake anabaki karakanani.

"Nilisema ukikosea nahama," Pilipili alimjibu. "Sikusema ukipatia nabaki."

"Lakini nimepatia."

"Umepatia mno."

Alielekea mlangoni. Nyuma yake alisikia kisu kikifunguliwa, na akageuka ingawa hakutaka. Kaka alikuwa amekishika kisu kwa mkono mpana wa mtu wa mashine, ameokota kijiti kutoka kwenye kikapu cha mipini ya nyundo, na anajaribu kuanza. Macho yake yaliijua kazi yote. Mkono haukujua hata pa kuanzia, na gumba lake lilikuwa limelala mbele kabisa ya makali.

"Toa gumba hapo," Pilipili alimwambia kwa ukali, "utajikata."

Kaka alilitoa. Pilipili alisimama mpaka alipoona limekaa mahali pake, kisha akatoka kwenda kutafuta mwenye mkokoteni.