Mabati Ishirini na Manne

Masele alikuwa ameinama kwenye jiwe nyuma ya nyumba, anakata viazi vitamu vya michembe, vya kukausha juani. Vipande vilitoka vinene, na vipande vinene havikauki, vinaoza. Alijua. Mkono wake ulizoea sululu. Miaka kumi na tisa aliimaliza kwenye maduara ya dhahabu ya Geita, kazi ya kisu ilikuwa ya mkewe, Lusia. Lusia alikata vyembamba mpaka jua linapita, Zipora binti yao akavianika, na wote wawili wakiimba wimbo usio na kichwa wala mguu, anayekosea anachekwa mpaka kijiji kizima cha Songwa kinasikia. Sasa Lusia alikuwa na miaka miwili kaburini, kando ya ua wa minyaa. Zipora alikuwa Maskati, akilea watoto wa watu.

Mkataba wa Zipora ulikuwa umekwisha, lakini bosi alikuwa ameishika pasipoti. Alisema atamwachia akitumiwa kwa simu picha ya barua ya kijijini yenye mhuri, inayosema baba yake yuko peke yake na ana shida. Mwisho Ijumaa. Isipofika, anamsainisha miaka miwili mingine. Leo ilikuwa Alhamisi, na mara tatu Masele alikuwa amekwenda kwa Pantaleo, mtendaji wa kijiji, akaambiwa mhuri umefungiwa, mhuri umekwenda wilayani, mhuri hauna wino. Mhuri ulikuwa na safari nyingi kuliko mtu.

Asubuhi hii Pantaleo alikuja mwenyewe, amevaa koti juani, nyuma yake msichana mwenye kishikwambi.

"Mwangaluka, Baba Zipora. Huyu ni Agnetha, anapita kwenye kaya zenye watu wanaofanya kazi nje, ili wakubwa wapime faida yake. Nimeanzia kwako maana mabati yako yanaonekana toka barabarani."

"Shikamoo, baba," Agnetha alisema.

"Marahaba, mayu, mwanangu." Masele akamgeukia Pantaleo. "Na barua yangu?"

Pantaleo alipapasa mfuko wa koti. "Mhuri huu hapa. Tumalize ya wakubwa, yako ni dakika mbili. Jibu vizuri tu."

Masele akawatolea vigoda, mwenyewe akakaa kwenye ndoo.

Kila swali lilikuwa na kabla na baada. Paa kabla ya Zipora kuondoka? Nyasi. Masele akaona siku ile ya kuezeka, yeye juu, Lusia chini anamrushia matita, mengine anayapeleka pembeni makusudi ili mume ayumbe, halafu anajifanya kikohozi kimembana. Nyasi zile zilivuja, ni kweli. Mvua ikija walisogea wote kona moja na sufuria zao, na Zipora aliipenda mvua kwa ajili hiyo. Baada? Mabati ishirini na manne. Sakafu ilikuwa udongo, sasa saruji. Taa ilikuwa koroboi, sasa sola. Mbuzi hawakuwepo, sasa wanne. Kila jibu kishikwambi kililia ti, kama kifaranga kinachoshiba.

"La mwisho, baba. Kwa ujumla, tangu binti yako aende nje, maisha ya kaya hii yamekuwa bora, ni yale yale, au mabaya?"

"Mabaya."

Kishikwambi hakikulia. Kioo kikawa chekundu. Agnetha akaeleza kwa aibu kidogo kwamba chombo kinakataa. Kimeona bati, kimeona saruji na sola, kinataka jibu lihakikiwe.

"Sikiliza, mayu," Masele alisema. "Duarani, mawe ya dhahabu yakipanda juu hatugawani hapo hapo. Tunatoa gharama kwanza: magogo ya kuzuia udongo, chakula, pampu, na kama kuna aliyefukiwa, tunatoa cha nyumbani kwake. Kinachobaki ndio mgao. Humo gharama umeweka wapi?"

"Kuna nauli, na pasipoti."

"Mama yake alipokufa hakuruhusiwa kuja. Nilishika simu juu ya kaburi, asikie udongo ukimwagwa. Hiyo iko wapi?"

Agnetha akapandisha maswali kwenye kioo kwa kidole, akayateremsha.

"Haipo, baba."

Pantaleo akakohoa, akaupigapiga mfuko wa koti. "Usimcheleweshe dada, ana kaya nyingine kumi."

Masele aliutazama ule mfuko. Akaiona Ijumaa.

"Andika bora."

Ti.

Agnetha alipokuwa anapanga vitu vyake, Masele akatoa karatasi ya daftari aliyoiandika kwa mkono wake mzito, siku mbili nzima. Pantaleo akaisoma huku midomo inacheza, akafika kwenye maneno 'hali ngumu', akaacha kusoma.

"Hii siwezi, Baba Zipora."

"Kwa nini?"

"Si umesema sasa hivi, mbele yangu, maisha ni bora? Nigonge mhuri kwamba ni magumu? Siku moja, kaya moja, majibu mawili. Wakija kukagua, anayefukuzwa ni mimi. Na nani ataamini mtu ana shida chini ya paa hili?"

Masele akamwomba Agnetha alifute lile jibu. Msichana akainamisha kichwa. Limeshakwenda, akasema, lakini kesho asubuhi wanarudi kwenye kaya chache kuhakiki, na hapa anaweza kupita.

"Kesho."

"Kesho, baba."

Masele aliingia ndani akatoka na nyundo, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda taratibu, magoti yakimlaani. Akaingiza upande wa kung'olea wa nyundo chini ya msumari wa kwanza. Ukalia kama mnyama.

"We mzee," Pantaleo aliita, "unafanya nini?"

"Nasawazisha majibu. Kesho aulize tena paa ni la nini. Na wewe mhuri uje nao."

Bati likalegea, likateleza, likaanguka kwa kishindo kando ya michembe, mbuzi wakatawanyika. Jua likaingia chumbani, likakaa juu ya kitanda cha Zipora. Bila kufikiri, Masele akateremsha mkono pembeni mwa paa, kiganja wazi, kungoja tita la nyasi.

Mkono ukakaa hapo hewani muda kidogo. Kisha akaurudisha, akatafuta msumari wa pili.