Mpaka Mchezo Uishe

Karin Brandvold alikuwa ametangaza tangu asubuhi: mtu yeyote atakayetaja kura ndani ya nyumba hii, awe ndugu, awe jirani, atamalizia chakula chake nje kwenye theluji. Waliomjua walijua hatanii. Mwaka juzi alimhama daktari wake wa meno huku jino likiwa wazi, kwa sababu daktari aliinua sindano ya ganzi akamwambia, "Usiogope, hii hata baba yako angeipitisha."

Baba yake, mzee Lowell, alikuwa kamishna wa besiboli, mkubwa wa ligi nzima, kwa miaka kumi na minne. Ilikuwa miaka ya shangwe. Wanaume wenye shingo nene kuliko mapaja yako na yangu walipiga mipira ikatoka nje ya viwanja kila jioni, rekodi za zamani zikavunjwa, watoto wakapewa majina ya wapigaji. Kisha ikajulikana kwamba nguvu zile zilikuwa zinatoka kwenye vichupa. Duke Mabry mwenyewe, yule aliyevunja rekodi kubwa kuliko zote, alikaa kwenye televisheni akilia, makamasi yakimtoka, akakiri kwamba alijidunga steroidi, dawa za kutunisha misuli, msimu mzima. Tangu siku hiyo nchi nzima ilikuwa na swali moja tu kwa mzee Lowell: ulijua, au hukujua?

Mbele ya kamati ya Bunge, mkono wa kulia juu, alijibu, "Hakuna aliyeniambia."

Karin aliishikilia sentensi hiyo kwa mikono miwili. Aliipigia redio simu nayo. Alimnyamazisha nayo muuza misumari wa mtaa wa chini, mbele ya wateja. Aliirudia kwa mumewe mpaka mume akahamia mji wa Fargo, na ingawa walikuwa na mengine, hilo nalo lilikuwamo. Hakuna aliyemwambia! Mtu atalaumiwaje kwa jambo ambalo hakuambiwa?

Na leo, Jumapili ya kwanza ya Desemba, wajumbe wa Jumba la Mashujaa walikuwa wamejifungia hotelini huko kusini, wanapiga kura. Wakimkubali, sura ya mzee itachongwa kwenye shaba na kutundikwa ukutani pamoja na wakubwa wote wa mchezo, na wenye midomo wataifunga. Wakimkataa, jina la Brandvold litabaki kuwa la mlinzi aliyelala zamu. Simu ingelia kabla ya saa kumi alasiri.

Ndiyo maana ya ile marufuku. Watu wa besiboli wana mwiko wanaouheshimu kuliko sala ya chakula. Mrushaji akiwa anaelekea kumaliza mchezo mzima bila mpinzani hata mmoja kupata pigo la maana kwenye mipira yake, jambo ambalo wengine huishi na kufa hawajaliona, hakuna anayeruhusiwa kulitaja. Wenzake hawamsemeshi. Hakuna anayehama kiti. Ukilitaja, umeliua. Akina Brandvold walikuwa wameutoa mwiko huo uwanjani wakauleta nyumbani. Waliutumia kwenye mitihani, kwenye majibu ya hospitali, hata mke akiwa chumba cha kujifungulia.

Basi walikaa sebuleni wakaongea habari za barafu ya ziwani, na kama mwaka huu itabeba magari au itayameza. Mzee Lowell, miaka themanini na miwili, alikuwa kwenye kiti chake akiwa na tai ambayo Karin aliipiga pasi mara mbili. Arvid, mdogo wake Lowell, alikuwa ameshashiba na bado anakula. Karibu na dirisha alikaa Noreen, mjane wa Dale.

Dale alikuwa kaka yake Karin. Alicheza besiboli kwenye ligi ndogo miaka chungu nzima akingoja kupandishwa, hakupandishwa, akafa na miaka thelathini na sita. Moyo ulipanuka ukashindwa kazi. Familia ilisema ni moyo wa ukoo, maana babu naye alikwenda hivyohivyo, na aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote mazishini alikuwa Karin. Noreen hakubisha. Kila mwaka alikuja na bakuli lake la mchele mwitu uliookwa na uyoga, akakaa dirishani, akaaga mapema.

Mlango ukagongwa, akaingia Mchungaji Sandvik akikung'uta theluji viatuni. Mchungaji huyu alihamia hapa Duluth juzijuzi tu akitokea kaskazini kabisa, wanakojua hoki na samaki, basi. Akavuta kiti cha mbao cha pembeni ya meza, akakaa, akasugua mikono, akauliza kwa moyo mweupe:

"Enhe, wameshapiga simu?"

Karin alihisi damu inamwishia usoni. Kisha Arvid akaangua kicheko.

"Nje! Nje, Mchungaji! Na sahani yako!"

"Nimefanya nini tena, jamani?"

"Umetamka! Karin, huyu naye umwache? Au sheria ni kwa sisi makafiri peke yetu?"

Hata mzee Lowell alitabasamu. Karin akacheka, akamwekea Mchungaji chakula. Mgeni hajui, mgeni asamehewe. Laiti angemtoa nje kweli, na Arvid angemfuata huko kumweleza.

"Sikiliza nikufundishe," Arvid alisema, akalamba kijiko. "Kitu kizuri kikiwa kinatokea, unafunga bakuli lako. Kaka yangu huyu ndiye bingwa wao. Kuna siku tumo chumba cha wageni wa heshima uwanjani, mrushaji ni Hollis. Mchezo umeshavuka nusu, hajapigwa hata pigo moja. Uwanja mzima watu wamebana pumzi. Mimi nimebanwa mkojo, siendi! Nikienda nitaharibu."

"Mpaka mwisho?" Mchungaji aliuliza.

"Mpaka mwisho. Suruali ilipona kwa neema tu. Sasa katikati ya hayo, mlango unafunguliwa, anaingia nani? Dale. Yeye na timu yake walikuwa mapumzikoni. Jasho linamtiririka, mweupe kama chokaa, anasimama nyuma ya baba yake, anaanza, 'Baba, nina jambo. Hivi vitu ninavyojidunga...' Wakati huo, Mchungaji! Hollis ameshika mpira! Basi Lowell hakugeuka hata shingo. Aliinua mkono hivi." Arvid akainua mkono wenye kijiko. "'Sio sasa, mwanangu. Mpaka mchezo uishe.' Nikampa kijana bisi, akakaa. Na Hollis akamaliza! Hajapigwa! Nani alimwokoa? Si kaka yangu?"

Mchungaji alicheka kwa adabu. Arvid alicheka kwa kuupenda mkasa wake. Alikuwa ameusimulia mara nyingi kwenye baa, lakini hakuwahi kuusimulia mbele ya Karin, na kwa akili yake ulikuwa mkasa wa mwiko na mkojo.

Karin alikuwa amesimama na kijiko cha kupakulia mkononi, mchuzi unadondokea zulia.

"Vitu gani, baba mdogo?"

"Eh?"

"Alikuwa anajidunga vitu gani?"

Kicheko kikamfia Arvid mdomoni. Alimtazama kaka yake, akaitazama sahani. "Aa, sijui, mama. Vitamini. Vijana wa siku zile si walikuwa na vivitamini vyao."

"Vitamini mtu anameza."

Karin akageuka. Baba yake alikuwa anakoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari.

"Baba. Mchezo ulipoisha, ulimuuliza?"

"Waandishi walinijia wote kwa mpigo," mzee alisema. "Unajua siku kama zile zilivyo."

"Kesho yake?"

"Karin."

"Krismasi? Mwaka uliofuata? Ulimuuliza lini, Baba?"

"Alikuwa mtu mzima. Angetaka kusema, angesema."

"Alitaka kusema!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotarajia, akashtuka yeye mwenyewe. Akaweka kijiko juu ya kitambaa cheupe cha meza, akakiona kinachafua, akakiacha hapohapo. "Noreen. Wifi. Ulikuwa unajua?"

Noreen hakuinuka dirishani. "Siku ile alirudi nyumbani akaniambia, Baba amesema mpaka mchezo uishe. Nikamuuliza, mchezo upi? Akasema hajui, lakini Baba akiwa tayari ataita. Akangoja, wifi. Kila Krismasi tukija hapa alinambia njiani, labda leo. Alikuwa anakaa hapo hapo alipokaa Mchungaji."

Mchungaji Sandvik akainuka kitini taratibu, sahani mkononi, akaenda kusimama ukutani.

"Kwa nini hukunambia mimi?" Karin aliuliza.

"Nilijaribu pale makaburini kukwambia ni zile sindano. Ukanambia ni moyo wa ukoo."

Ilikuwa kweli. Karin alikumbuka mpaka koti alilokuwa amevaa. Akashika ukingo wa meza. Miaka yote hii alikuwa amesimama mlangoni kwa baba yake, anawafukuza watu kwa sentensi moja, na kumbe kaka yake alikuwa nyuma ya mlango ule ule.

"Uliapa," alimwambia baba yake. Sauti sasa ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Nilikushonea kifungo cha koti asubuhi ile. Ukanyanyua mkono, ukaapa."

"Niliapa kwamba hakuna aliyeniambia," mzee Lowell alisema. Hakuonyesha hasira wala aibu, alikuwa anamwelewesha. "Na hakuna aliyeniambia. Sijasema uongo hata siku moja, Karin, kwa Bunge wala kwako. Makocha walikuja, nikawaambia sio sasa. Daktari wa timu moja alikuja, nikamwambia sio sasa. Nilihakikisha hakuna mtu anaifikisha sentensi mwisho."

Arvid alijifunika uso kwa kiganja. "Lowell, nyamaza, kwa ajili ya Mungu."

"Acha asikie. Mmesahau hali ilivyokuwa? Wachezaji waligoma, watu wakatukimbia, viwanja vikabaki vitupu, tunacheza mbele ya viti. Halafu siku moja wakarudi. Baba na mtoto, bibi na mjukuu, wanaimba. Mabry anapiga mpira unapotelea gizani na watu elfu hamsini wanalia kwa furaha. Ukiona kitu kama kile kinatokea mbele ya macho yako, hukigusi. Hukitaji. Mimi nililelewa hivyo. Nawe nimekulea hivyo."

Karin alimtazama kama hajapata kumwona. Angedanganya, ingekuwa afadhali! Mwongo unaweza kumkamata, ukamlilia, ukamsamehe. Lakini ile sentensi yake ilikuwa kweli tupu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kaka yake alikuwa amezikwa ndani yake. Alitaka kukaa, akaona viti vyote vina watu isipokuwa kimoja.

Simu ikalia.

Ilikuwa simu ya ukutani ya jikoni, ile ya waya mrefu. Ililia mara ya pili, hakuna aliyesogea. Walikuwa wamepanga Karin ndiye atakayeipokea, aseme kwa sauti ya kawaida, Kwa Brandvold hapa. Ikalia tena. Mzee Lowell akashika mikono ya kiti, akainuka kwa tabu, akapita mbele ya binti yake, akaipokea mwenyewe.

"Ndiyo, ndiye mimi." Akasikiliza. Mgongo wake ukanyooka kidogo kidogo. "Ni heshima kubwa. Kubwa sana. Hapana, familia iko hapa, wote wako hapa. Asante. Mungu akubariki nawe."

Akaitundika simu. Alipogeuka macho yalikuwa yana maji, na kidevu kinamcheza. Kwa muda ule alikuwa mzee tu aliyepewa kitu alichokingoja sana, na Karin, Mungu amsamehe, alihisi mwili wake mwenyewe unataka kumkimbilia.

"Wamenichagua," mzee alisema. "Nimeingia."

Mashine ya joto ikaunguruma chini ya sakafu. Arvid alikuwa bado amejifunika uso. Noreen alitazama nje, kwenye theluji. Mchungaji alitafuta mahali pa kuweka sahani yake, hakupaona.

Mzee Lowell akasubiri. Akatabasamu nusu, akafungua mikono.

"Haya, jamani. Mchezo umeisha. Sasa ruhusa kusema."

Akamtazama mdogo wake, akamtazama mkwewe, kisha macho yake yakamwendea Karin, aliyemsemea miaka yote, na yakabaki hapo.

"Karin, mwanangu. Sema basi."

Karin akazunguka meza. Akavuta kile kiti cha mbao cha pembeni, alichokuwa akikalia Dale, akakikalia, mikono mapajani, akainua uso akamtazama baba yake, na hakusema neno.