Tepe za Tandao

Katika nchi ya Pandajema palikuwa na miji miwili, mmoja juu na mmoja chini, na ule wa juu haukuutazama ule wa chini isipokuwa kuhakikisha kwamba bado uko chini. Wa juu uliitwa Kilemba. Ulikaa kileleni mwa mlima, umejikunja na kujizungusha, na kuta zake zilipakwa chokaa mara kwa mara hata mtu akizitazama mchana machozi yakamtoka. Wa chini uliitwa Tandao. Huko ndiko chokaa ilikochomwa, katika matanuri yaliyotapika moshi mweupe toka alfajiri hadi jua kuzama, na watu wa Tandao walizeeka macho kabla ya kuzeeka miguu. Weupe wa juu ulitoka kwenye macho ya walio chini, lakini hilo halikusemwa mezani Kilemba, kama yasivyosemwa mambo ya chooni.

Kilemba kilitawaliwa na Baraza la Vishada. Wajumbe wake walivaa kofia zenye vishada vya hariri, na urefu wa kishada ndio uliokuwa ukubwa wa mtu. Mkuu wao, Mtukufu Jabali, kishada chake kilimfika kiunoni, kwa hiyo alitembea kichwa kimeinama upande mmoja, na vijana wa mji, kwa kumwiga, nao wakawa wanatembea wameinamisha vichwa ingawa hawakuwa na cha kuwavuta. Baraza liliipenda elimu yao kama mume mwenye wivu anavyompenda mkewe: si kwa kumfurahia, bali kwa kufunga madirisha.

Wazee wa kale walioasisi Pandajema walikuwa wameacha sharti moja jema, lililoitwa Sharti la Upana. Mtu asiruhusiwe kuchimba elimu moja kwa kina kabla ya kuonja elimu nyingi: hesabu, historia, viumbe, ufasaha wa kusema na muziki. Walitaka tabibu ajue mgonjwa wake ametoka wapi, na hakimu ajue kuhesabu. Kwa kila somo alilomaliza, mwanafunzi alishonewa utepe wa rangi yake kwenye joho. Tepe zikitimia, alifunguliwa mlango wa Nyumba za Fani, huko ambako watu walijifunza uganga, sheria na ujenzi. Nyumba hizo zilikuwa Kilemba peke yake.

Tandao nako kulikuwa na chuo, cha mabati, kilichofundisha masomo yaleyale na kushona tepe za rangi zilezile. Lakini kila aliyepanda mlima na joho la Tandao alikuta meza langoni, na juu ya meza, mkasi.

Shemsa alipanda akiwa mwanamke wa makamo kidogo, mjane, mikono imekauka kwa chokaa. Alisoma asubuhi na kubeba mawe ya tanuri mchana, mpaka joho lake likajaa rangi. Alitaka Nyumba ya Macho. Mama yake, Bi Rukia, jicho moja lilikwisha funga utando mweupe na la pili lilikuwa linafuata, na tabibu wa macho hakuwahi kuteremka Tandao tangu mji ujengwe.

Aliyekaa nyuma ya meza langoni alikuwa Nargisi.

Shemsa alimjua kabla hajainua uso. Walinyonya ziwa moja. Mama yake Nargisi alikuwa amekosa maziwa, na Bi Rukia akawaweka wote wawili kifuani, mmoja huku, mmoja huku. Baadaye baba yake Nargisi alipata kazi ya kuhesabu vigae vya Kilemba, akahamisha familia yake juu. Nargisi alikulia kwenye madirisha ya vioo. Sasa alikuwa Mpokezi wa Lango, ana kofia, na kishada chake kilifika begani.

Shemsa hakuona lango wala walinzi. Aliona kile kishada, na ngozi ile isiyo na vumbi, na vidole visivyo na nyufa, na kitu kikamuuma chini ya mbavu kana kwamba mtu amekibana kwa koleo. Yangeweza kuwa yangu, aliwaza. Maziwa yalikuwa yangu.

"Karibu," Nargisi alisema, kwa sauti ya ofisini. Kisha, chini zaidi: "Mama hajambo?"

"Haoni vizuri."

Nargisi alilishika joho akaligeuza geuza. "Tepe hizi zimeshonwa Tandao."

"Sharti linasema tepe. Halisemi sindano ya wapi."

"Upana wa bondeni si upana wa hapa, Shemsa. Sikutunga mimi."

"Lakini mkono unaokata ni wako."

Nargisi alikata. Alikata taratibu, utepe mmoja baada ya mwingine, na kila rangi ilipoanguka sakafuni Shemsa alimtazama usoni, akitafuta dalili ya furaha ili apate kumchukia vizuri. Hakuiona. Hilo lilimkasirisha zaidi.

Akaambiwa aanze upya. Akapewa chumba kidogo ukutani, na jioni akaenda darasa la historia. Alipoingia akasita mlangoni, kwa sababu aliyesimama mbele ya ubao alikuwa Mwalimu Chande, yuleyule wa Tandao, na kikohozi chake kilekile.

Mwalimu Chande alianza somo la kwanza: jinsi wazee wa kale walivyopanda mlima. Alilianza kwa maneno yaleyale, akanyamaza palepale alipozoea kunyamaza, akatoa mzaha wake wa mbuzi aliyekula ramani. Vijana wa Kilemba wakacheka. Shemsa hakucheka.

Baada ya somo alimfuata. "Mwalimu, somo hili ulinipa chini."

"Nakumbuka. Ulikaa karibu na dirisha."

"Sasa kwa nini chini halihesabiki, na hapa linahesabika?"

Chande alifuta chaki mikononi. "Asubuhi ni mwalimu wa bonde, jioni ni mwalimu wa Kilemba. Koo ni hilihili. Wote tunaofundisha tepe tuko hivyo, mwanangu, na waliotutangulia walikuwa hivyo. Kilemba kinatulipa heshima. Tandao wanatupa unga. Heshima haisongwi ugali."

Shemsa alilala na maneno hayo kama mtu aliyelala na kaa la moto. Kweli, alitaka haki. Lakini ukweli mwingine, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba alitamani zaidi kumwona Nargisi akiaibika. Alimwona kila siku akipita uwanjani, kishada kikicheza begani, watu wakimpisha, na kila alipompisha yeye pia, ule mbano chini ya mbavu ukarudi.

Akaomba kusikilizwa na Baraza, akaruhusiwa, kwa kuwa Vishada walipenda kuombwa.

Alisimama katikati ya ukumbi mweupe na joho lake tupu. "Watukufu, mwalimu ni mmoja. Maneno ni yaleyale. Hata mbuzi wa mzaha ni yuleyule. Kama utepe wa Chande ni halali jioni, umekuwaje haramu asubuhi? Na huyu aliyezikata tepe zangu, utepe wake wa historia alishonewa na nani?"

Macho yote yakamgeukia Nargisi, aliyekuwa amekaa chini ya kiti cha Mtukufu Jabali. Uso wake ulibadilika rangi. Alijua kwamba Baraza likikubali, kila mchoma chokaa atapita langoni na joho lake limejaa, na mbele yao wote atatangulia Shemsa, ambaye ziwa lilikuwa lake na mama alikuwa wake. Aliinuka, akamnong'oneza Jabali sikioni. Kile kishada kirefu kikatikisika.

"Mwanamke huyu ametuonyesha kosa," Jabali alitangaza. "Kosa ni la walimu. Wamekuwa wakiichovya elimu yetu bondeni kila asubuhi na kuturudishia imelowa. Kuanzia leo mwalimu achague, juu au chini. Na yeyote atakayechagua chini, kila utepe aliowahi kuushona yeye au waliomtangulia, popote, kwa yeyote, ni batili katika mji huu."

Ukumbi ukapiga makofi. Walipiga makofi muda mrefu, vichwa vimeinama upande mmoja.

Hawakuwa na shaka kwamba walimu wangechagua Kilemba. Nani angeacha weupe akachague moshi? Lakini asubuhi iliyofuata Mwalimu Chande aliteremka na kikohozi chake, na jioni hakupanda. Mwalimu wa hesabu hakupanda. Wa viumbe alipanda nusu ya njia, akakumbuka jikoni kwake, akageuka. Wa ufasaha alituma salamu nzuri mno. Wa muziki alisikika akiimba huko chini, sauti ikipanda mlima bila mwenyewe.

Madarasa ya Kilemba yakakaa matupu. Ndipo walinzi wa lango, watu waliozoeshwa kutii bila kuuliza, walipoichukua sheria kama ilivyosemwa. Wakamkata tepe mjukuu wa Jabali. Wakawakata mahakimu na wajenzi. Wakaenda kwa Nargisi, mezani pake, wakamwomba radhi, wakachukua mkasi wake wakamkata nao. Na asiye na tepe hana kofia. Mwisho wakabisha hodi kwa Jabali mwenyewe, aliyefundishwa historia na mwalimu wa mwalimu wake Chande, naye pia alikuwa mtu wa asubuhi chini na jioni juu. Jabali alifunga mlango. Akaambiwa kupitia dirishani kwamba anaweza kuifuta sheria.

"Nikiifuta," alijibu, "nitakuwa nimesema Tandao ni sawa na sisi."

Hakuifuta. Inasemekana bado yuko ndani na kofia yake kichwani, na hakuna anayejua kama amefungiwa au amejifungia.

Shemsa alipitia uwanjani siku hiyo, akawaona wakubwa wakitembea vichwa wazi, majoho yao matupu kama lake. Alikuwa ameisubiri furaha hii. Ilikuja, ikakaa kidogo, ikaondoka. Akaenda Nyumba ya Macho. Mkuu wa nyumba, mganga mzee aliyeitwa Bi Tabia, alikuwa amekaa mlangoni akizivuta nyuzi zilizobaki kwenye joho lake.

"Sina utepe," Shemsa alisema.

"Nani anao?" Bi Tabia alimtazama juu hadi chini. "Mikono yangu hawakuikata. Wewe umesoma viumbe?"

"Mara mbili, karibu."

"Basi ingia. Wakija kutuuliza, tutawauliza wao."

Akaingia, akasoma, na hakuwahi kusoma hivyo maishani. Aliporuhusiwa kubeba dawa yake ya kwanza, aliifunga kwenye kitambaa akateremka nayo mlima kwa hatua za haraka, akijiona tayari jinsi mama yake atakavyomshika uso.

Tandao palijaa watu. Wana wa Kilemba, na baadhi ya wazazi wao, walikuwa wameteremka kutafuta tepe, wakiamini sheria itafutwa siku moja. Walibanana kwenye mabenchi ya chuo cha mabati, macho yakiwawasha kwa moshi, na sauti ya Mwalimu Chande ilisikika hadi barabarani akisimulia mzaha wake wa mbuzi.

Shemsa alipofika nyumbani alisikia kicheko cha mama yake. Akasukuma mlango. Bi Rukia alikuwa amekaa juu ya mkeka, na Nargisi, kichwa wazi, joho limekunjwa hadi viwikoni na limeingia vumbi, alikuwa anamlisha uji.

"Shemsa!" mama aliita. "Ni wewe? Nargisi amefikia hapa. Ananisomea, ananipikia. Kama enzi zile."

Ule mbano ukaja, mahali palepale, na safari hii haukuwa na kishada cha kulaumiwa.

"Kijiko nipe mimi," Shemsa alisema.

"Ngoja amalize."

"Ni mama yangu, Nargisi."

Nargisi hakukiachia. Alisema bila kumtazama, "Unajua nilichokuwa nakiona kule juu, kila nikifungua dirisha? Moshi wa kwenu. Nilikuwa nasema, huko chini yupo mtu anaamshwa na mama huyu kila siku. Ulipofika langoni na joho lako limejaa, nikaona unataka na cha kwangu pia."

Shemsa alitaka kusema neno la kumchoma, akalipata, na lilikuwa zuri, lakini mama alikuwa ameelekeza uso kati yao, akisikiliza, na jicho lake la pili lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Akafungua kitambaa. Akampigia mama magoti, akamwinua kidevu, akamdondoshea dawa jicho moja, kisha la pili. Nargisi alikishika kichwa cha Bi Rukia kisitikisike, bila kuombwa.

"Usifumbue mpaka nikwambie," Shemsa alisema.

"Itanisaidia?"

"Sijui, mama. Ndiyo kwanza naanza."

Machozi ya dawa yalimtiririka Bi Rukia. Nje matanuri yalivuma. Baadaye alinyoosha mkono mbele yake, hewani, bila kuuelekeza kwa yeyote.

"Mwanangu," alisema, "niletee maji."

Wote wawili wakainuka kwa pamoja, na hakuna aliyekubali kukaa.