Anqi Akariri Ukutani

Ujumbe wa Mwalimu Tao ulinikuta nakata vitunguu vya majani. "Bibi, naomba uje shuleni. Anqi amenigeuzia mgongo mbele ya darasa zima."

Nilizima jiko nikatoka na aproni yangu vilevile. Mjukuu wangu alikuwa hajatoa sauti darasani tangu muhula uanze, na Mwalimu alishaniambia kwa upole kwamba akiendelea hivyo itabidi apelekwe mjini kupimwa. Nyumbani anaongea kama cherehani. Shuleni, macho ya watu yakimwelekea tu, maneno hayatoki.

Ndiyo maana nilimfundisha kukariri kama alivyokariri baba yangu utotoni. Shule yao ilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja mzee. Ukiitwa, unaweka kitabu mezani kwake, unampa mgongo usije ukachungulia, kisha unasema somo lote kwa kichwa. Ukikosea, unachapwa kiganjani. Fimbo niliiacha hukohuko kwa wazee. Lakini Anqi alipoutazama ukuta wa jikoni, maneno yalimtoka yote.

Sikufikiri angefanya hivyo na shuleni.

Nilimkuta kasimama kando ya ubao, uso ukutani, masikio mekundu.

"Bubu kamnunia mwalimu!" mvulana mmoja wa mbele alisema, wenzake wakaangua kicheko.

"Hebu nyamaza, Haoran," alisema Mwalimu Tao.

"Mwalimu, huyu hana dharau," nilisema hata kabla ya salamu. "Zama za baba yangu, hivyo ndivyo mtoto alivyomsomea mwalimu. Nimemfundisha mimi."

Nikamweleza. Mwalimu ni binti mdogo tu, na alikuwa na watoto arobaini wa kuwatuliza, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe alikuwa anataka kusoma?"

"Somo lote analo."

Hakumgusa Anqi. Aliligeukia darasa. "Haya, wote tazameni nyuma. Leo tunasikiliza kwa masikio tu. Na wewe Bibi, tafadhali."

Viti vikaburuzwa. Hata Mwalimu akageuka. Nikabaki natazama makoti ya watoto yaliyotundikwa.

Kisha sauti ndogo ikaanza somo la konokono anayepanda mnazi... hapana, mpera, mimi mwenyewe nilichanganyikiwa kwa furaha. Sauti ikapanda, ikafika katikati, ikakwama.

"Mvua," Haoran alinong'ona. "Mvua ikanyesha."

Zamani wangechapwa wote wawili. Mwalimu Tao alikohoa tu, akatazama dari.

"Mvua ikanyesha," Anqi akasema, akaendelea mpaka neno la mwisho.

"We Anqi, kumbe una sauti nene hivyo!" Haoran alipiga kelele.

"Nene mwenyewe!" Anqi akamjibu, ameshageuka, uso kwa uso.

Darasa likacheka, na Anqi naye akacheka. Mwalimu Tao alinishika mkono. "Mjini hatuendi, Bibi."

Nikaketi kwenye kiti cha mtoto, aproni yangu bado kiunoni.