Mafuta ya Breki Yanaenda Wapi?

Fundi Hakiki hakuwa na kompyuta ya kupimia magari. Hakuwa na mtambo wa kunyanyulia gari, wala bango barabarani, wala cheti ukutani. Hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichukuliwa na feni ya injini siku alipomwamini mtu aliyesema, "Nimeshazima." Na tangu siku hiyo hakuwa na imani na mtu. Ukimwambia leo ni Jumanne, anatafuta kalenda. Ndiyo maana watu wakampachika jina hilo la Hakiki, naye akalipenda.

Basi binti yake, muuguzi, alipoingia uani na lile gari kuukuu ambalo baba huyo alimpa siku ya harusi, akasema taa nyekundu ya breki imewaka, fundi hakuuliza gari lina nini. Aliuliza, "Nani mwingine amelishika?"

"Baba, gari tunalo mimi na mume wangu. Nani mwingine tena?"

"Ahaa," alisema fundi.

Hata hivyo, alianza kwa utaratibu. Alishusha breki ya mkono mpaka mwisho, kwa sababu ikibaki imeinuka hata kidogo, taa hiyo huwaka. Haikuzimika. Akafungua boneti, akamulika kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa chini ya mstari. Ndani ya kikopo mna boya dogo. Mafuta yakipungua linashuka, na likishuka taa inawaka. Hapo ilibaki kujua yamekwenda wapi. Alivua magurudumu yote manne: pedi nene, hazijalika. Alipapasa mabomba na mipira yake kwa vidole tisa: pakavu. Alitandaza magazeti chini ya gari, akamwambia binti yake akanyage breki mara hamsini. Halikudondoka hata tone.

Akajaza mafuta, taa ikazimika. Baada ya siku tisa ikawaka. Akajaza. Ikawaka tena.

"Mafuta hayana miguu," alimwambia mkewe jikoni. "Kuna mtu anayanyonya."

"Anyonye mafuta ya breki? Kwani ni maziwa?"

"Mkweo huyo."

Mkewe akaacha kukoroga. Mkwe wao alikuwa mpima ardhi, kijana wa maneno machache, na katika hayo machache aliwahi kusema mezani kwamba lile gari limechoka. Kwa fundi, hiyo ilitosha. Mtu anayetaka gari liuzwe, na hathubutu kumwambia mkwewe aliyelitoa, atafanya nini? Atalitia ugonjwa. Na muuguzi wa watu kila asubuhi anashuka nalo ule mteremko wa hospitali, wenye ukuta wa mawe mwishoni!

"Wewe," alisema mkewe, "hata mvua ikinyesha utaidai kitambulisho."

Fundi alijaza mafuta tena, akachukua chupa ya mkewe ya rangi ya kucha, akakaza kifuniko cha kikopo kile, akachora mstari mwembamba kutoka juu ya kifuniko mpaka ubavuni. Mafundi hutia alama namna hiyo kwenye nati. Ikifunguliwa, mstari unakatika, na hata ukifunga tena, haukutani sawasawa.

Jumapili, binti na mumewe walikuja kula. Taa ilikuwa imewaka njiani. Fundi hakungoja vyombo viondolewe.

"Mkwe, sema kweli mbele ya mama yako mkwe. Unayatoa mafuta ya breki?"

Kijiko cha kijana kilisimama hewani. "Mafuta gani, Baba?"

"Uniache na hiyo Baba kwanza! Unataka gari life mnunue jipya. Lakini anayeliendesha ni mwanangu!"

"Anayeliendesha ni mke wangu," alisema mkwe, sauti ya chini. "Na boneti yenyewe sijui inafunguliwa wapi. Muulize."

"Kweli, Baba," alisema binti. "Hata maji ya kioo naweka mimi."

Mkwe akafuta mdomo, akainuka. "Kesho nasafiri kikazi, mwezi mzima. Kama mimi ni mtu wa kumuua mke wangu, Mzee, basi humu sina changu. Sitakanyaga hapa mpaka uyafute hayo maneno."

Akatoka kwa miguu. Binti alibaki mlangoni, mkoba mkononi. "Na mimi sasa niende upande gani, Baba?" Hakungoja jibu. Alimfuata mumewe.

Mama akachukua funguo za gari walizoziacha, akaziweka mbele ya sahani ya fundi. "Nenda kaangalie rangi yangu."

Mstari ulikuwa mzima. Haukukatika hata kwa unene wa unywele, na mafuta yalikuwa yameshuka.

Fundi akapiga hesabu. Kama kifuniko hakikufunguliwa, na nje hapadondoki, basi yanaingia mahali pasipoonekana. Alichukua spana, akalegeza nati mbili za masta, pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga breki, akaivuta mbele. Nyuma yake lipo duara kubwa la bati, busta, linaloupa mguu nguvu. Rangi ya bati ilikuwa imeumuka na kubanduka. Akaingiza kitambaa kwa waya. Kikatoka kinachuruzika. Mafuta yote aliyokuwa akijaza yalikuwa mle.

Akaifungua masta. Ndani ilikuwa na vidoa vya kutu, navyo vimeitafuna raba. Masta hiyo aliifunga yeye mwenyewe, mpya kabisa. Kutu hutaka maji. Maji ya wapi?

Alijua ya wapi. Hakuamini mafuta ya breki ya madukani. Aliona yote yamechakachuliwa. Kwa hiyo alinunua dumu moja kubwa, akashuhudia lakiri ikikatwa, akaliweka chini ya meza yake, na kwa miaka minne alikuwa akilifungua na kulifunga. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Kila anayejifunza ufundi huambiwa hivyo siku za mwanzo. Naye alijua, ila aliwaogopa wauza duka kuliko maji.

Wateja wengine watatu waliojaziwa kutoka dumu hilo aliwaita siku hiyo hiyo. Kwenye gari la binti yake alifunga masta na busta nyingine, akasafisha mabomba yote kwa mafuta ya kopo jipya la dukani, kisha akalishusha mwenyewe ule mteremko, mara tatu. Taa haikuwaka.

Yalibaki maneno. Simu, mkwe hakupokea. "Hata angepokea," alisema fundi, "nimemtukana mbele ya watu. Lazima iwe maandishi, na sahihi yangu chini." Akakaa na karatasi. Mkewe akasoma juu ya bega lake.

"Umeandika 'huenda nilikosea'. Huyo Huenda ni nani?"

Akachukua karatasi nyingine.

"'Mtu yeyote angeshuku.' Mimi mbona sikushuku?"

Akachukua ya tatu, akaandika: *Mwanangu, mafuta yalikuwa yakivuja ndani, na aliyeiharibu masta ni mimi. Nilikusingizia mezani kwangu, mbele ya mkeo. Nakuomba radhi. Gari nimelijaribu mteremkoni mwenyewe. Ukiona vema, rudi. Ukiona bado, nitakuja mimi niyafute hayo maneno kwa mdomo wangu, mbele ya mkeo.*

Mkewe alisoma mara mbili, akamletea bahasha. Fundi akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba, akaenda nayo posta.

"Acha tu hapo, Mzee, itafika," alisema karani.

Fundi alitaka kuuliza nani ataipeleka, saa ngapi, na kwa gari gani. Aliisogeza bahasha upande wa pili wa kaunta, akaiachia.