Pumzi ya Tarumbeta la Pili

Eugene alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa Sanyuanli, mtaa wa biashara katika jiji la Kichina, akigombana na watu wa kago waliochelewesha mizigo yake, na sasa, kwa kuwa mdomo wake ulikubali bila kuiuliza miguu, alikuwa ameketi meza ya majaji katika hoteli moja ya mtaa wa Pazhou, akisikiliza bendi za swingi, ile jazi ya zamani, zikishindana.

Bendi ya mwisho ilikuwa ya Njoki, mfanyabiashara mwenzake kutoka Nairobi, na vijana wa Kichina. Mtangazaji akasema wimbo wao, wa zamani, ulipangiwa vyombo na Mmarekani fulani. Mmarekani wapi! Saksafoni zilipoingia tu, Eugene akajua ni kazi ya Macharia, rafiki yake aliyezikwa mwaka jana. Zamani katika bendi yao Eugene alipiga tarumbeta la pili, na pumu ilikuwa ikimbana. Kwa hiyo Macharia, alipoupanga wimbo huu, akamwachia kimya kifupi katikati, avute pumzi. Hapa binti mmoja wa Kichina alikijaza kimya kile kwa mbwembwe, watu wakashangilia. Ilimuuma Eugene.

Kabla ya kuandika alama akamwendea Njoki. "Hii umeitoa wapi?"

"Kwa neti, mzee. Jina la huyo Mmarekani lilikuwa hapo hapo. Trumpet ya pili ilikuwa na pengo, tukadhani mwandishi alisinzia, tukaliziba."

"Hakusinzia. Ni Macharia. Lile pengo lilikuwa langu, la kupumua."

Njoki akashusha sauti. "Pole, mzee. Lakini leo wewe ndiye laoban, bosi wa alama. Washindi ndio hurudia wimbo. Tupe za kutosha, na jina la Macharia nitalitaja mbele ya watu wote."

Eugene alitamani jina lile litajwe kuliko usingizi wenyewe. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bendi ya kwanza ilipiga vizuri zaidi, na Macharia hakuwahi kumsifu mtu kwa uongo, hata Eugene. Akaandika alama za haki. Njoki akawa wa pili.

"Umemzika tena," Njoki alimwambia, bila kumtazama.

Washindi walirudia wimbo wao, ukumbi ukatawanyika, naye Eugene akajikokota kuelekea mlangoni. Wafanyakazi walikuwa wakikunja viti. Nyuma yake Njoki akapaza sauti: "Ya Macharia! Moja, mbili..."

Bendi ikaanza, bila wa kuipigia makofi. Ilipofika pale katikati, tarumbeta la pili likanyamaza.

Eugene akasimama mlangoni, akavuta pumzi.