Masale Sebuleni

Nyumba ya Eliufoo ilionekana kutoka Chekereni. Anayebisha na abishe, lakini wakulima wa mpunga kule bondeni walikuwa wakiinua mgongo asubuhi, wakitazama juu mlimani upande wa Kidia, na kuambiana, "Mvua imekatika, upinde umetoka." Kumbe si upinde. Ni kuta za mzee mmoja aliyestaafu na akili zake zote.

Chekereni alipajua vizuri. Ujana wake wote aliumalizia huko, akifungua na kufunga mifereji ya mpunga, mpaka siku walipomwambia baba sasa inatosha, wakamkabidhi koti la suti na saa ya ukutani yenye picha ya jogoo. Akapanda nayo mlimani akiwa na mpango mmoja tu: kukaa na mke wake. Maana miaka yote ile Magdalena alikuwa huku juu na migomba, yeye huko chini na maji, wakionana Jumapili kama waumini wa mitaa miwili tofauti.

Alifika, akatundika saa, akakaa. Kabla jogoo hajazoea ukuta, binti yao Goodness akajifungua Dar es Salaam, na Magdalena akaitwa kwenda kulea mjukuu.

"Miezi mitatu tu, Baba Goodness," alisema akifunga kanga zake.

Lakini miezi ile ilikuwa kama kuku wa kienyeji. Ikaatamia, ikaangua mingine. Mwaka ukapita, na mwingine, na Eliufoo akajifunza kupika mtori ambao hata paka alikuwa akiunusa kwanza kwa heshima, kisha anaondoka. Usiku alilala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani. Upande wa pili hakuugusa. Akijisahau usingizini akavuka, aliamka akaurudia wake, kama mtu aliyekanyaga shamba la jirani.

Magdalena alikuwa akija Krismasi, kama Wachaga wote wanavyokuja. Krismasi ya mwaka uliotangulia alikaa kwenye kiti chake cha sebuleni, akazungusha macho, akasema: "Kwa Goodness ukikaa sebuleni macho hayapumziki. Mapazia ya rangi, maua, majani mabichi kwenye vyungu humo humo ndani, kila ukigeuka kuna kitu kinakutazama. Hapa nikikaa, inayonitazama ni chokaa."

Alisema hivyo, akanywa chai yake, akaongea habari ya ng'ombe. Mwezi wa kwanza akaondoka. Lakini neno lile lilibaki kwenye kiti, na kila Eliufoo alipoingia sebuleni alilikuta limekaa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka ule, Ebenezeri, jirani yake wa mpaka mmoja, alikwenda msibani Dar na kurudi na habari. Alizileta akiwa amesimama, maana habari mbaya yeye hakuwa akiziletea makalio.

"Meku, mzee wangu, mke wako nimemwona. Mzima, amenenepa. Krismasi anakuja."

"Anakuja kukaa?"

Ebenezeri akatazama miguu yake. "Goodness ana mimba nyingine. Tiketi ya kurudi imeshakatwa."

 Eliufoo alimtazama jirani yake mpaka yule akaona vibaya, akaaga. Kisha akaingia sebuleni, akaiangalia chokaa, na chokaa ikamwangalia.

Ndipo alipoamua. Tiketi ni karatasi, na karatasi haina nguvu kuliko nyumba. Angeifanya nyumba hii iwe na macho mengi kuliko ya Goodness, yamshike mwanamke asitoke.

Kesho yake alishuka Kiboriloni. Zile enzi za maduka ya kaya zilikuwa zimekwisha, enzi ambazo mtu alipanga foleni ya sabuni akarudi na betri, na rangi ilikuwa moja tu, chokaa, iliyopakwa shule, kanisa na mawe ya barabarani bila ubaguzi. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Marobota ya mitumba yalimwagwa chini, na humo mlikuwa na rangi ambazo Kiswahili kilikuwa bado hakijazipa majina. Eliufoo alisimama mbele ya meza ya dada mmoja muuza mapazia, Elifuraha, akavua kofia kama yuko ibadani.

"Shikamoo baba. Unataka pazia la rangi gani?"

"Marahaba. Unazo rangi ngapi?"

"Ziko nyingi, baba."

"Basi hizo."

Alivyolipia ni siri yake na mtamba wake, na mtamba hakuonekana tena Kidia tangu wiki hiyo.

Alipaka mwenyewe. Mlango ukawa mwekundu wa buni iliyoiva. Ukuta wa kwanza wa sebule njano ya ndizi mbivu, wa pili kijani cha mpunga wa Mabogini unaokaribia kutoa suke, wa tatu bluu. Wa nne alishindwa kuchagua, ukapewa mabaki ya makopo yote. Kuta za nje nazo hazikuachwa. Dari akaipiga nyota. Mapazia yalikuwa mengi kuliko madirisha, kwa hiyo yakatundikwa hata pasipo na dirisha. Mgeni akifunua apate hewa, anakutana na ukuta. Viti vilifunikwa kanga, kanga zikafunikwa vitambaa vya kudarizi, sahani za maua zikapanda ukutani, na kioo kirefu cha saluni kikasimamishwa mkabala ili vyote vionekane mara mbili. Maua ya plastiki yalichanua kila pembe. Nyuki walitoka msitu wa Rau wakayapandia mlima. Walishinda humo kutwa nzima, jioni wakashuka mikono mitupu, na wafugaji wa huko wanasema mizinga ile haikutoa asali mwaka huo kwa aibu.

Ebenezeri alikuja kuona. Alisimama mlangoni, akafumba jicho moja, kisha la pili.

"Meku, nyumba hii inapiga kelele."

"Iache ipige. Anayeitwa yuko mbali."



Kilichobaki ni majani mabichi. Magdalena alisema majani kwenye vyungu, humo humo ndani. Eliufoo alizunguka kihamba chake chote, shamba lile la migomba na kahawa. Mgomba ulikuwa mrefu, ungegusa nyota. Mbuni ulionekana kama umekuja kudai bei nzuri. Ndipo akafika mpakani, akaona masale yamesimama mstari, kijani cha kung'aa, majani marefu yaliyonyooka kama yamepigwa pasi. Akang'oa mashina kadhaa ya upande wake, akayapanda kwenye makopo ya rangi yaliyokwisha, akayapanga kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha Magdalena, huku na huku, kama njia ya bibi harusi. Mtu akitafuta kijani haoni jani.

Magdalena alifika jioni ya mkesha kwa pikapu iliyompandisha kutoka stendi ya Moshi. Eliufoo alimngoja mlangoni ndani ya koti lake la kustaafia. Alimwona akishuka, akishika kiuno, akiinua uso kuitazama nyumba. Akamwona akifungua mdomo. Moyo wake ulidunda mpaka kifungo cha koti kikachomoka, na kuku wakakigombania.

"Karibu nyumbani, Mama Goodness."

Magdalena akaja taratibu. Akavuka kizingiti chekundu. Hakutazama njano wala nyota. Alitazama chini, kwenye makopo, lile la kwanza, lile la pili, na yote yaliyofuata mpaka kwenye kiti chake. Akauweka mkoba chini.

"Baba Goodness."

"Naam."

"Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Huyo mwanamke. Nitajie jina lake sasa hivi, kabla sijakaa."

Hapo ndipo Eliufoo alipoyaona masale. Kila mtoto anayezaliwa mlimani huko anajua: mtu akikukosea, huja na jani la isale amelifunga fundo. Akishakukabidhi, hata kama alikuchomea ghala, husamehi kwa kupenda, unasamehe kwa sababu isale halirudishwi. Eliufoo alilijua hilo kuliko alivyojua namba ya shati lake.

"Mke wangu, hakuna mwanamke! Ni mapambo!"

"Mapambo!" Magdalena alishika kichwa. "Mtu aliyenikanyaga mguu kanisani huniletea jani moja, nasamehe, tunaendelea na wimbo. Wewe umeniletea kichaka! Na umepaka rangi nyumba nzima. Umeua?"

"Wewe ndiye ulisema majani kwenye vyungu! Na mapazia! Ulisema ukikaa hapa chokaa inakutazama!"

 Magdalena akageuka. Sasa akaiona njano, na kijani, na ukuta ule wa nne ambao hauna jina. Akafunua pazia moja apate hewa, akakutana na ukuta. Ndipo kicheko kilipomtoka, cha tumboni, kilichomwinamisha mpaka kilemba kikadondoka juu ya isale, naye Eliufoo akacheka kwa kuona nywele zake, ambazo zilikuwa zimeota mvi huko mbali bila yeye kuzishuhudia.

"Nilisema hivyo kweli?" aliuliza akijifuta macho.

"Krismasi iliyopita. Umekaa hapo hapo."

"Mimi sikumbuki hata kidogo."

Akakaa kwenye kiti chake. Akaendelea kutazama muda mrefu, na safari hii hakucheka.

Siku zilizofuata Kidia nzima ilipita sebuleni pale. Waliokuja kutoka Dar na Arusha walipanga mstari. Walimu walileta macho yao kutoka hata Mkuu. Magdalena alipika kiburu cha ndizi na maharage, akawapa wageni, akawaonyesha kila sahani na historia yake, na historia ambazo hazikuwepo alizitunga hapo hapo. "Hii alinunua usiku wa radi," alisema kwa sauti ya mwenye nyumba. Eliufoo alimsikiliza kutoka kwenye korido. Neno tiketi halikutajwa. Usiku kitanda kilikuwa na pande mbili tena, na mara moja alipojisahau akavuka, hakufukuzwa.

Akaanza kuamini. Alishuka hata kutafuta kopo jingine, apake jiko.

Alirudi akamkuta Magdalena sebuleni, amevaa gauni la safari, mkoba miguuni. Amekaa kwenye kiti chake katikati ya kijani. Jani moja lilikuwa limekatwa kwenye kopo lililo karibu na mkono wake.

"Goodness anakaribia," alisema. "Mumewe hajui hata kumfunga mtoto mgongoni. Hana mtu mwingine, Baba Goodness."

"Na mimi nina nani?"

 Magdalena alisimama, akainyoosha mikono yote miwili, na juu ya viganja lilikuwa jani la isale, limefungwa fundo dogo, safi, kama alivyofundishwa na mama yake.

Eliufoo aliweka kopo la rangi chini.

"Ungeniomba kwa mdomo ningekataa."

"Ndiyo maana sikuomba kwa mdomo."

"Jani umelitoa wapi?"

"Ulinipandia mwenyewe. Kuanzia mlangoni."

Nje pikapu ilipiga honi. Kwa kioo cha saluni walionekana wazee wanne, wawili hapa na wawili kule, na katikati ya kila wawili jani moja. Eliufoo alilitazama kama linaweza kunyauka kabla hajaligusa. Halikunyauka. Akapokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimesamehe," alisema.

Alimbebea mkoba hadi barabarani. Magdalena alipokwisha kukaa mbele na dereva, alitoa kichwa dirishani. "Lile jiko usilipake bila mimi. Nataka nichague mwenyewe." Pikapu ikateremka, na vumbi lake likakaa hewani muda mrefu kuliko kawaida ya vumbi.

Alirudi ndani na jani lake. Akatafuta pa kulitundika. Hakukuwa na msumari mtupu nyumba nzima; kila mahali palishajaa sahani, maua, vitambaa, kalenda. Akazunguka na jani mkononi kama mgeni aliyekosa kiti. Mwishowe akateremsha saa ya jogoo, akalitundika pale.

Ebenezeri alipokuja jioni alilikuta hapo, limeanza kujikunja, kitu pekee kilichopauka ndani ya sebule ile. Alilielewa bila kuuliza. Akakaa, jambo ambalo hakulizoea.

"Kwa hiyo umesamehe, meku."

"Kusamehe nimesamehe," alisema Eliufoo. "Isale ni isale. Lakini kuzoea sikuombwa."

Akainuka kuyamwagilia masale kwenye makopo, ingawa masale hayaombi maji, akianzia mlangoni, moja baada ya jingine, mpaka kwenye kiti.